Jinsi ya kujenga modeli ya kideri kwa kuku wa kijijini, hatua kwa hatua

Mfugaji yeyote wa Chamwino, Bahi au Kongwa anaijua kazi ya kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo. Asubuhi unakuta kuku wawili wamesinzia bandani, mbawa zimeshuka, kinyesi cha kijani. Baada ya wiki chache banda limebaki na jogoo mmoja na tetea wawili. Kuku wa kienyeji wa Dodoma na Singida ndio wanaopakiwa kwenye matenga kwenda kuuzwa Dar es Salaam, kwa hiyo banda likifagiwa hivyo zinakuwa zimekwenda ada za shule, sabuni na hela ya hospitali.

Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuchukua ugonjwa huo, kuuandika kwa hesabu, kuuendesha kwenye kompyuta na kuuliza maswali ambayo huwezi kuyajaribu kwa kuku wa watu. Nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi wa baiolojia aliyeko chuoni hapa Dodoma, afisa ugani mwenye kompyuta mpakato ya ofisi, na mwalimu wa sekondari anayetaka wanafunzi wake waone kwamba hesabu na baiolojia ni ndugu. Unahitaji Excel, au LibreOffice Calc inayopatikana bure. Hesabu yenyewe ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Hakuna zaidi.

Kwanza, andika swali lako kwa sentensi moja

Usifungue kompyuta kabla ya hili. Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye pendekezo za utafiti ni kichwa cha habari kama "Modeli ya ugonjwa wa kideri mkoani Dodoma". Hilo ni jina la eneo na ugonjwa tu, swali halimo. Swali ni hili: *Tukichanja kuku wa kitongoji kimoja mara moja, kinga hiyo itazuia mlipuko kwa muda gani?*

Swali likiwa wazi, linakuambia kipi cha kuweka na kipi cha kuacha. Hapa tunahitaji kujua kuku wangapi wana kinga, ugonjwa unasambaa kwa kasi gani, na kuku wapya wanaingia kwa kasi gani. Hatuhitaji rangi ya kuku, bei ya mahindi ya Kibaigwa wala namna kirusi kinavyojishika kwenye seli ya koo la kuku. Ungeuliza swali jingine, huenda hayo ndiyo yangekuwa ya lazima.

Modeli ni picha iliyopunguzwa makusudi. Kazi yako ya kwanza kama mjenzi ni kuamua cha kupunguza, na kuandika sababu yake kwenye daftari.

Pili, gawa kuku kwenye makundi

Njia tutakayotumia ni ya zamani na imepimwa. Mwaka 1927 Waskoti wawili, William Kermack na Anderson McKendrick, walichapisha hesabu za namna mlipuko unavyopanda na kushuka kwa kuwagawa watu katika makundi: wasio na kinga, wagonjwa, na walioondoka kwenye mzunguko kwa kupona au kufa. Kermack alikuwa amepofuka mwaka 1924 baada ya jaribio la maabara kumlipukia, na kazi hiyo ilifanyika miaka mitatu tu baadaye. Kabla yao, Ronald Ross, aliyethibitisha kwamba mbu ndiye anayeambukiza malaria, alionyesha kwa hesabu kwamba huhitaji kumaliza mbu wote ili malaria ikome. Inatosha kuwapunguza chini ya kiwango fulani. Wazo hilo la kiwango ndilo tutakaloliona kwenye kuku.

Kwa kideri tunahitaji makundi matano:

- Hawana kinga: wazima, lakini ugonjwa ukifika unawapata.
- Walionasa: kirusi kimeshaingia ila dalili bado.
- Wagonjwa: ndio wanaoambukiza wenzao.
- Waliopona: wana kinga sasa. Waliochanjwa chanjo ikawakolea nao tutawaweka humu.
- Waliokufa.

Kwa nini kundi la walionasa? Kwa sababu kideri hukaa mwilini siku 2 hadi 15 kabla ya dalili, mara nyingi siku 5 au 6. Ukiliacha kundi hili, modeli itakuonyesha mlipuko unaokimbia kuliko ule wa kijijini. Tena kuku wa kundi hili ndiye anayefungwa miguu, anapelekwa mnadani akiwa anaonekana mzima kabisa, halafu anaugulia kwa mnunuzi.

Chora visanduku vitano kwenye karatasi na mishale inayoonyesha kuku anavyohama. Mchoro huo ndio modeli. Yanayofuata ni kuuandika kwa namba.

Tatu, tafuta namba

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapojificha nyuma ya karatasi za watafiti wa nchi nyingine. Namba zingine unaweza kuzichukua kutoka kwenye vitabu vya mifugo, kwa mfano muda wa ugonjwa kukaa mwilini, kwa sababu kirusi hakibadiliki sana kwa kuvuka mpaka. Lakini namna kuku wanavyochanganyika, wanavyouzwa na wanavyototoa ni mambo ya hapa hapa, na lazima uyaulize hapa hapa.

Kabla ya kwenda kijijini, pata kibali. Kama uko chuoni, anza na kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chako, kisha barua ya halmashauri, kisha mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji. Usiruke ngazi hata kama mtendaji ni shemeji yako.

Ukifika kwenye kaya, omba kuongea na mwenye kuku, na mara nyingi huyo ni mama wa nyumbani au watoto, si baba aliyekukaribisha kiti. Usiulize "una kuku wangapi?" mchana. Kuku wa kienyeji mchana wametawanyika hadi kwenye mashamba ya uwele ya jirani, na jibu utakalopewa ni la kukisia. Nenda jioni, kuku wakiingia bandani, uwahesabu pamoja na mwenye nyumba mlangoni. Kisha muulize hivi:

"Mama, tangu mvua za mwaka jana ziishe, umeuza kuku wangapi? Mmechinja wangapi? Wangapi wamechukuliwa na mwewe au kicheche? Wangapi wamekufa kwa kuugua, na walikufa wote kwa wiki moja au mmoja mmoja? Vifaranga wangapi wametotolewa, na wangapi wako hai?"

Maswali haya yanakupa kitu ambacho hutakikuta kitabuni: kasi ya kuku kuingia na kutoka. Kwenye kuku wa kienyeji kasi hiyo ni kubwa mno, na baadaye utaona kwamba ndiyo inayoamua kila kitu.

Kwa mfano wetu nitatumia namba zifuatazo. Ni namba za kujifunzia, nilizozichagua ili hesabu ikae vizuri. Ukienda kijijini weka zako.

Kitongoji kina kuku 400. Kuku aliyenasa anakaa siku 5 kabla ya kuugua. Mgonjwa anaambukiza kwa siku 4, kisha anakufa au anapona. Kati ya wagonjwa 10, wanakufa 8. Na mgonjwa mmoja, akiwa katikati ya kuku ambao wote hawana kinga, anaambukiza wenzake 0.75 kwa siku.

Zidisha 0.75 kwa siku 4 unapata 3. Maana yake, mgonjwa mmoja wa kwanza anazaa wagonjwa watatu kabla hajaondoka. Namba hiyo wataalamu wanaiita R sifuri. Ikiwa juu ya 1 ugonjwa unapanda, ikiwa chini ya 1 unafifia.

Nne, ijenge kwenye Excel

Fungua karatasi mpya. Namba zako ziweke pembeni, mbali na hesabu, ili ukibadilisha moja karatasi nzima ijibadilishe. Kwenye safu ya H andika jina la namba, kwenye I andika namba yenyewe:

I1: 400 (kuku wote)
I2: 0.75 (maambukizi kwa siku)
I3: 5 (siku za kunasa)
I4: 4 (siku za kuugua)
I5: 0.8 (sehemu ya wagonjwa wanaokufa)

Mstari wa kwanza, kuanzia A hadi G, andika vichwa: Siku, Hawana kinga, Walionasa, Wagonjwa, Waliopona, Waliokufa, Jumla. Mstari wa pili ni siku ya sifuri. Tuseme mtu amerudi na kuku wawili wagonjwa kutoka mnada wa Msalato: A2 ni 0, B2 ni 398, C2 ni 0, D2 ni 2, E2 ni 0, F2 ni 0.

Mstari wa tatu ndio wenye akili yote:

A3: =A2+1
B3: =B2-$I$2*B2*D2/$I$1
C3: =C2+$I$2*B2*D2/$I$1-C2/$I$3
D3: =D2+C2/$I$3-D2/$I$4
E3: =E2+(1-$I$5)*D2/$I$4
F3: =F2+$I$5*D2/$I$4
G3: =SUM(B3:F3)

Usinakili tu, isome. Kipande $I$2*B2*D2/$I$1 ni maambukizi mapya ya siku hiyo: wagonjwa waliopo, mara kasi ya kuambukiza, mara sehemu ya kuku wa kitongoji ambao bado hawana kinga. Kinatolewa kwenye B, kinaongezwa kwenye C. Hakuna kuku anayepotea hewani. C2/$I$3 inasema kwamba kila siku sehemu moja ya tano ya walionasa wanaanza kuugua; inatolewa kwenye C, inaongezwa kwenye D. Alama ya dola inaizuia Excel kuhamisha namba zako unapovuta fomula chini. Ukiisahau, matokeo yatakuwa takataka na huenda usigundue.

Sasa chagua A3 hadi G3, uvute chini mpaka siku ya 120.

Kabla ya kuchora grafu, kagua mambo mawili. Safu ya Jumla isome 400 mstari hadi mstari. Ikisoma 399 au 401, kuna mshale mmoja umeusahau upande mmoja. Na siku ya 1 isome hivi: hawana kinga 396.51, walionasa 1.49, wagonjwa 1.5, waliopona 0.1, waliokufa 0.4. Siku ya 3 wagonjwa wawe 1.53. Zikiwa tofauti, rudi kwenye fomula.

Ndiyo, kuku 1.53 hayupo. Tutalirudia hilo.

Tano, soma inachosema

Chora grafu ya safu ya Wagonjwa. Kwa wiki mbili za mwanzo haionekani kitu. Mfugaji angesema ni kuku mmoja mmoja tu, huenda ni baridi. Chini yake wagonjwa wanaongezeka kwa asilimia 16 hivi kila siku, yaani wanakuwa maradufu kila siku nne na nusu. Siku ya 20 wagonjwa ni 17. Kilele kinafika siku ya 36 hivi, wagonjwa 55 kwa mpigo. Mlipuko ukiisha, kuku karibu 380 kati ya 400 wamepita kwenye ugonjwa na karibu 300 wamekufa.

Tazama kwa makini siku ya 20. Wagonjwa ni 17 tu, lakini safu ya Walionasa inasoma 33. Kuku wanaobeba kirusi bila dalili ni karibu mara mbili ya wanaoonekana. Mfugaji anayesema "hawa wazima niwauze haraka kabla hawajaugua" ana hoja ya kibiashara, na simlaumu, lakini ndiye anayesafirisha kideri kwenda kitongoji kingine. Jambo hili ningeweza kuliandika kwa maneno kwenye bango la kijiji. Kuliona likijitokeza lenyewe kwenye safu ya C, bila mtu kuliweka, kunakushawishi kwa namna nyingine.

Sita, iulize kuhusu chanjo

Chanjo ya I-2 inafaa mazingira yetu kwa sababu inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida za kideri, na inatolewa kwa tone moja jichoni. Ushauri uliozoeleka ni kurudia kila baada ya miezi mitatu.

Kwenye modeli, kuchanja ni kuhamisha kuku kutoka B2 kwenda E2 kabla ya ugonjwa kuingia. Jaribu nusu ya kuku wakiwa na kinga: B2 weka 198, D2 weka 2, E2 weka 200. Mlipuko bado upo. Wanaambukizwa karibu 117, wanakufa karibu 95. Sasa jaribu asilimia 70: B2 weka 118, E2 weka 280. Wanaambukizwa kama 11 tu, kisha ugonjwa unafifia. Kutoka 50 hadi 70 tofauti ya chanjo ni ndogo, ila tofauti ya vifo ni kubwa kupindukia.

Mpaka wenyewe uko wapi? Kama mgonjwa mmoja angeambukiza watatu, tunahitaji wawili kati ya hao watatu wawe na kinga ili abaki na mmoja. Theluthi mbili, yaani asilimia 67. Hicho ni kiwango cha aina ile ile aliyoiona Ross kwa mbu.

Lakini si kila kuku aliyedondoshewa tone anapata kinga. Wengine walitikisa kichwa tone likaanguka, wengine chanjo ilikaa juani. Tuseme kinga inakolea kwa kuku 8 kati ya 10. Basi ili ufikie 67 inabidi uchanje 67 gawanya kwa 0.8, yaani karibu asilimia 84 ya kuku wote wa kitongoji. Ile kaya moja iliyogoma kwa sababu mwenye nyumba hakuwepo inaanza kuwa na uzito.

Saba, weka muda ndani yake

Hadi hapa kitongoji chetu kimesimama: hakuna kifaranga anayetotolewa, hakuna jogoo anayechinjwa wageni wakija. Kwa mlipuko wa miezi mitatu tunaweza kuvumilia uongo huo. Kwa swali letu hatuwezi.

Fungua karatasi ya pili. Tuseme kila mwezi asilimia 12 ya kuku wanatoka (wameuzwa, wameliwa, kicheche) na nafasi yao inachukuliwa na vifaranga wasio na chanjo. Umechanja vizuri sana, asilimia 90 ya kuku, kinga ikakolea kwa asilimia 80 ya hao: wenye kinga ni 72. Kila mwezi zidisha kwa 0.88.

Mwezi wa kwanza: 63.4. Wa pili: 55.8. Wa tatu: 49.1.

Kwa hiyo kampeni nzuri kuliko nyingi ninazozijua imeshuka chini ya 67 kabla mwezi haujaisha, bila kuku hata mmoja kupoteza kinga yake. Kinga imetoka na kuku waliouzwa. Na mwezi wa tatu umeshafika pale pa nusu kwa nusu, ambapo tumeona kuku karibu 95 wanakufa.

Hapa ndipo watu hukata tamaa na kusema chanjo haifanyi kazi. Endelea na hesabu. Mwezi wa tatu rudia chanjo ile ile kwa kuku wote. Wale 49.1 wenye kinga wanabaki nayo. Kati ya 50.9 wasio nayo, asilimia 72 wanaipata. Wenye kinga sasa ni 85.7, siyo 72. Miezi mitatu baadaye wameshuka hadi 58.4. Rudia tena: 88.4, kisha 60.2. Awamu ya pili na ya tatu zinazaa zaidi ya ya kwanza, kwa sababu kuku aliyekosa mara ya kwanza anapata bahati nyingine. Ukiendelea hivyo kila miezi mitatu, kinga inatulia ikipanda hadi 89 na kushuka hadi 61, na iko chini ya mpaka kwa wiki kama tatu tu za mwisho kabla ya awamu inayofuata. Ukichanja kila miezi miwili, kwa namba hizi, ikishatulia haishuki chini ya 71.

Sisemi uende kumwambia afisa mifugo abadilishe ratiba ya taifa kwa sababu ya karatasi ya Excel yenye namba za kujifunzia. Ninachosema ni kwamba sasa una swali zuri zaidi la kumpelekea: zile wiki tatu za udhaifu zinaangukia mwezi gani? Kama kwa wafugaji wa kata yako kideri hupiga kiangazi, panga awamu ianguke kabla ya hapo, na chanja vifaranga katikati ya awamu. Hilo halihitaji bajeti mpya.

Nane, ishambulie mwenyewe kabla wengine hawajaishambulia

Kila namba uliyoweka ni dhana. Zibadilishe moja moja uone ipi inapindua jibu. Badilisha siku za kunasa kutoka 5 hadi 7: mlipuko unachelewa, vifo karibu vile vile. Badilisha maambukizi kwa siku kutoka 0.75 hadi 0.5, R sifuri inakuwa 2 na mpaka wa kinga unashuka hadi asilimia 50. Ipandishe hadi 1.25, R sifuri inakuwa 5 na mpaka unapanda hadi 80, ambao kwa chanjo inayokolea kwa asilimia 80 unamaanisha kuchanja kila kuku bila kubakiza hata mmoja. Umeshajua basi ni namba ipi inastahili muda wako na nauli yako.

Namba hiyo unaweza kuikadiria kwa vifo. Kama kijiji kilipata mlipuko na mtu aliandika kuku waliokufa kila wiki, linganisha wiki za mwanzo. Kwenye modeli yetu vifo vya wiki moja ni karibu mara tatu ya wiki iliyotangulia, mlipuko ukiwa unapanda. Kama kwenye daftari la kijiji vinaongezeka mara mbili tu, 0.75 ni kubwa mno, jaribu 0.54. Weka vifo halisi kama nukta kwenye grafu, kisha sogeza I2 taratibu mpaka mstari upite katikati yake. Lakini ziache wiki mbili za mwisho bila kuzitumia, halafu uone kama mstari unazitabiri. Modeli iliyokaa vizuri kwenye data zilizoitengeneza bado haijathibitisha kitu.

Sasa kuku wa 1.53. Modeli hii inatoa wastani, na kwa kuku mia mbili wastani unatosha. Kwa kuku wawili hautoshi: huenda wote wawili wakachinjwa jioni ile ile na mlipuko usitokee. Kwa R sifuri ya 3, kila mgonjwa wa mwanzo ana nafasi kama moja kati ya tatu ya kutofanikiwa kuwasha moto, hivyo wawili kwa pamoja wanashindwa mara moja hivi kati ya tisa. Ili uone hilo, kila kuku lazima apigiwe kura ya bahati nasibu na kompyuta, na uendeshe mlipuko mara elfu moja. Excel itakuchosha, hapo hamia kwenye lugha za kompyuta ziitwazo R au Python, zote za bure. Hesabu ni zile zile ulizoziandika kwenye mstari wa tatu, ila badala ya kuzidisha unapiga kura.

Tisa, ukitaka kwenda mbele

Hatua nzuri inayofuata ni vitongoji viwili vinavyounganishwa na mnada. Nakili makundi matano mara mbili, halafu ongeza mshale mdogo unaohamisha walionasa kutoka kijiji kimoja kwenda kingine kila siku ya mnada. Utaona jinsi kufunga biashara ya kuku kwa wiki mbili kunavyochelewesha mlipuko wa pili bila kuuzuia.

Usikimbilie homa ya Bonde la Ufa kama modeli yako ya pili, ingawa najua inavutia. Mlipuko wa 2007 uliupiga mkoa wetu vibaya, mifugo na watu. Ile ina mbu, mayai ya mbu yanayosubiri ardhini mpaka mvua kubwa ije, ng'ombe, mbuzi na binadamu. Kila mmoja anadai makundi yake na namba zake, na namba nyingi hutazipata. Modeli kubwa usiyoielewa ndani ni mbaya kuliko ndogo unayoweza kuieleza mstari kwa mstari.

Kumi, irudishe kijijini

Usipeleke grafu. Kwenye mkutano wa kijiji peleka punje za mahindi 40, kila punje ni kuku kumi. Panga nusu pembeni kama waliochanjwa, onyesha wanaobaki baada ya mlipuko. Kisha panga punje 28 pembeni uonyeshe tena. Waombe waliopo waseme wapi umekosea kuhusu kuku wao, na uwe na kalamu mkononi, kwa sababu watasema. Mama mmoja atakuambia kwamba matetea hawauzwi ovyo, wanaouzwa ni majogoo. Basi kundi lako moja la kuku inabidi ligawanywe mawili, na asilimia 12 yako irekebishwe.

Nakili faili, liite toleo la pili, andika juu yake tarehe na kilichobadilika, halafu rudi kwenye hatua ya tatu.